Fundo la Saba kwenye Mkomamanga

"Unaunyonga mti, Mwanaheri. Unaunyonga mchana kweupe."

"Wewe nyonga wako, shoga. Wangu niachie."

"Wako? Kijiti alikupa nani?"

"Ulinipa kijiti. Hukunipa mtoto."

Bi Khatija, mke wa mwenye duka la nguo, akavuta kigoda akakaa. Wiki nzima waligombana hivyo, uani kwa Mwanaheri, chini ya mkomamanga, na kila siku Bi Khatija aliapa hatarudi, na kila siku alirudi na ndizi mbivu za kulainishia ugomvi.

Mkomamanga ulikuwa mmoja, ila kwa kuutazama ungeapa ni miti mitatu inayogombea shina. Shina lenyewe lilizaa makomamanga makali, makali hata mbuzi wa jirani alikula moja akasahau kulia siku tatu. Juu yake Mwanaheri aliunga matawi ya aina nyingine. Alikata tawi, akalipasua, akachomeka kijiti kilichochongwa kama kabari, gome likutane na gome, akapaka nta ya nyuki wa Uluguru, akafunga. Watu walisema angeweza kuunga mkia wa paka kwenye mchicha ukachipua. Maneno hayo aliyaanzisha mwenyewe.

Kila mtoto wake alimwungia tawi. Mosi alipata komamanga jeupe, mbegu ya kwao Bi Khatija huko Kachi, Bara Hindi. Furaha alipata jekundu la Bagamoyo. Kisha ndui ikawachukua wote wawili katika mwezi mmoja, na matawi yao hayakupata habari, yakazidi kuzaa. Mwanaheri hakuyala matunda yale. Aliyagawa kwa majirani, akasimama mlangoni mpaka wamalize, akaokota maganda.

Pazi, kitinda mimba, alilikataa tawi. "Mama, matawi ya nyumba hii ni makaburi," alisema, na mama yake akacheka siku ile, akamrushia ganda.

Lakini asubuhi ambayo akida alimwandika kuwa mpagazi, akabebe risasi za Mdachi vitani, upande wa Taveta, Pazi mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa Bi Khatija kuomba kijiti. Alichana pindo la kanzu yake, akampa mama yake utepe wa kufungia. Mwanaheri akakiunga kijiti, akafunga mafundo saba, akaweka nadhiri mbele ya watu: mkono wa kuyafungua ni wa Pazi, hakuna mwingine.

Mwaka na nusu ukapita. Kijiti kilishika, kikawa tawi, tawi likanenepa. Utepe haukunenepa. Gome lilivimba juu ya mafundo, na majani yakaanza kuwa manjano. Tawi likifika shubiri moja, kamba hulegezwa. Mwanaheri ndiye aliyewafundisha hivyo nusu ya mji.

"Waliokufa wanazaa," alisema sasa, akiyatazama yale matawi mawili. "Aliye hai ndiye anayekauka."

"Hakaukii vitani, anakaukia hapa. Fungua."

"Nikifungua nimemzika."

"Na akirudi akakuta kuni? Utamwambia nini? Utamwambia limeliwa na mbuzi?"

Mwanaheri alitaka kucheka, midomo ikakataa. Alilishika tawi. Lilikuwa la moto kwa jua, jembamba pale lilipobanwa, kama kifundo cha mkono wa mtoto mwenye homa.

"Sita," alisema. "Nafungua sita. La saba namwachia mwenyewe."

"Hata Mungu unamfanyia biashara," alisema Bi Khatija, lakini kwa upole, akamsogezea kigoda apande.

Fundo la kwanza lilikuwa gumu kama jiwe, akalilegeza kwa meno. La pili likafuata, na la tatu. Vumbi la utepe lilikuwa na chumvi ya jasho la mtu. Alipofungua la sita utepe ukalegea kidogo, na Bi Khatija akaona ule mfereji kwenye gome, mweusi, wenye kina kuliko walivyodhani.

"Shoga, hilo moja bado linabana. Likate tu, naye nitamweleza mimi, nitamwambia ni mimi niliyeku..."

 Mlango wa ua wa makuti ulikuwa umesukumwa. Aliyeingia ni Stambuli, kijana aliyeandikwa siku moja pamoja na Pazi, wakaondoka katika msafara mmoja. Alikuwa amekonda, miguu imefungwa matambara, na hakupiga hodi. Kwapani alibana kanzu iliyokunjwa vizuri sana. Pindo lake lilikuwa limechanwa.

"Shikamoo, mama," alisema.

 Mwanaheri aliugeukia mti, akaukusanya utepe kwa vidole vyake, akaanza kulifunga upya fundo la sita.