Mkanda wa Sufuria

Kila Ijumaa baada ya swala mimi humchukua mama yangu kwa gari kutoka kwake Nateete, hapa Kampala, na kumpeleka Kisugu kwa dada yangu, yeye na sufuria yake ya pilau. Hukaa kiti cha nyuma akiwa ameipakata, maana kiti cha mbele, anasema, ni cha watu wanaopenda kuonekana. Mkanda hafungi. Unamkunjia buibui, na tena mikono yake imeshika chakula cha watu.

Nilisoma fizikia chuo kikuu, kisha nikaishia kuandika makala magazetini, kwa hiyo mama ndiye mwanafunzi pekee niliyebaki naye. Ijumaa moja, tukiwa kwenye foleni, nilimweleza kwamba breki husimamisha gari tu. Yeye na pilau yake wanaendelea na safari kwa mwendo uleule mpaka kitu kiwazuie. Mkanda hunyumbuka kidogo, ukampa mtu nafasi ya kupunguza mwendo. Mgongo wa kiti changu hautoi nafasi, na hapo ndipo mbavu huvunjika. Nikaongeza kwamba mwendo ukiwa mara mbili, breki huhitaji nafasi mara nne. Mama alisikiliza kwa makini, halafu akauliza kama dada amenunua ndimu.

Ijumaa iliyofuata nikasikia mkanda ukilia “ta” nyuma yangu. Nilifurahi kama mhadhiri. Kutazama kwenye kioo, sufuria imekaa kitini peke yake, imeviringishwa kanga na kufungwa mkanda barabara. Mama yuko pembeni yake, huru kabisa.

“Si ulisema itaruka?” akaniuliza.

Nilitaka kubishana, lakini magari ya nyuma yalishaanza kupiga honi. Nikaondoka, nikiacha nafasi kati yangu na gari la mbele kama vitabu vinavyotaka. Kampala nafasi hiyo ni mwaliko. Bodaboda ikajipenyeza, ikasimama ghafla, nami nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote.

Bodaboda ilipona. Nyuma yangu nikasikia kishindo: bega la mama kwenye kiti changu. Niliegesha pembeni, nikamuuliza kama ameumia. Alikuwa akisugua bega na kuitazama sufuria. Akafunua kifuniko. Hata punje moja haikumwagika.

“Basi ni kweli,” akasema. “Nilidhani unasema tu, kama unavyoandika.”

Nilishuka, nikafungua mlango wake, nikamfunga mkanda mwenyewe na kunyoosha buibui mahali ulipopita. Aliinua kidevu na kutulia, kama nilivyokuwa nikitulia mimi alipokuwa akinifunga vifungo vya shati la shule. Alichonionya ni kimoja tu, nisiuguse ule wa sufuria.

Kuanzia hapo niliendesha polepole mno, nafasi mbele yangu kama uwanja wa mpira, bodaboda zikiingia na kutoka zitakavyo. Tulipokaribia Kisugu mama akanigusa begani.

“Baba, sasa tumefungwa sote. Kanyaga mafuta kidogo, pilau inapoa.”