Siku Niliyoipikia Bahari Kunde

Wiki iliyopita, katika maabara ya shule yetu hapa Mbale, mwalimu wa kemia alitugawia mirija ya kioo na kutuambia tudondoshe dawa tone moja moja mpaka maji yabadilike rangi. Meza yetu ina watu sita. Mmoja alidondosha, wanne wakanakili, kama ilivyo desturi ya wasomi wakubwa. Mimi nikadondosha ya kwangu. Tone la nane lilipoingia, bluu ikageuka njano, na hapo hapo, rafiki yangu, sikuwa Mbale tena. Nilikuwa Kimaka, Jinja, msichana wa miaka kumi, nimechuchumaa mbele ya tangi la kioo lenye bahari ndani, mikono inanuka kunde.

Ndiyo, bahari. Jinja. Mji wenye ziwa upande mmoja na Nile upande wa pili, maji matamu mpaka vyura wanachagua, na mtu mzima anakaa chini kukoroga maji ya chumvi kwenye pipa. Mtu huyo alikuwa afande, jirani yetu. Alikuwa amepelekwa kulinda amani kwenye pwani ya mbali, akayaona matumbawe, akarudi nyumbani na ugonjwa huo. Mke wake, aliyekuwa mwalimu wangu wa darasa la tano, alizaliwa milimani huku juu ya Mbale na hakuwahi kuiona bahari. Afande alimwahidi kumpeleka. Likizo zikawa zinakataliwa, miaka ikapita, basi akaona ni rahisi zaidi kuileta bahari sebuleni.

Kama hujawahi kuwaona, matumbawe ni wanyama wanaojifanya mawe. Hujenga mifupa yao kwa chokaa na magadi yaliyo ndani ya maji, na hutaka maji yale yale kila siku, chumvi ile ile, joto lile lile. Ukiwabadilishia kidogo wananuna, kama haboba wangu akipewa chai isiyo na tangawizi. Haboba ndilo jina tunalomwitia bibi sisi Wanubi. Afande aliwaendesha kama kambi. Daftari la shule lilining'inia kwa kamba kando ya tangi, na kila siku kila kipimo kiliandikwa humo. Huku kwetu Kiswahili ni lugha ya askari, mtu akikisikia nyuma yake, kitu cha kwanza anatafuta kitambulisho mfukoni. Afande alikitumia kubembeleza mawe. "Haya kula, bwana," aliyaambia. "Kula, mzee wangu."

Tumbawe kubwa kuliko yote lilikuwa na vidole vya kijani vyenye ncha za waridi. Mwalimu alilibatiza Kiranja, kwa sababu taa zikiwashwa asubuhi lenyewe ndilo lililoamka kwanza, ndipo mengine yakafuata. Alikunywa chai yake akimtazama Kiranja akifunguka, ndipo akaja shuleni kutufundisha sisi ambao hatukufunguka kabisa.

Halafu Mwalimu akaanza kukohoa. Akapelekwa hospitali Mbale, karibu na ndugu zake, na afande akaomba ruhusa akamfuata. Nani atabaki na bahari? Afande alitaka kumwita askari. Mwalimu akakataa. "Mpe yule msumbufu," alisema, nami nimesimama pale pale. "Mtoto anayeweza kuniigiza darasani, kikohozi na yote, ana macho." Kisha akaniinamia. "Nikirudi nataka nimkute Kiranja. Mengine Mungu anajua."

Nilifundishwa siku mbili. Maji yakipungua, ongeza maji matupu yaliyochujwa, usiongeze ya chumvi. Mimi nilidhani bahari ikipungua unaiongezea bahari. "Kilichoondoka ni maji," afande akasema. "Chumvi imebaki, haina miguu." Kupima magadi, unachota maji kidogo kwenye mrija na kudondosha dawa ukihesabu. Matone manane ndiyo afya. Mbele ya daftari alichora jedwali: nane, kijiko kimoja cha magadi; saba, kimoja na nusu; sita, usiguse kitu, piga simu.

Siku tatu za kwanza nilikuwa mwanasayansi. Nane, nane, nane. Siku ya nne wenzangu walikuwa wanaruka kamba nje, na kusema kweli, nani anahesabu matone kamba ikipiga chini vile? Nikaandika nane. Nikatia kijiko kimoja, nikakimbia. Siku ya tano hivyo hivyo. Jioni haboba alipokuwa anakaanga gurusa, chapati zetu laini zilizojaa matundu, simu yake ililia, na afande akasema neno moja tu, "Soma." Nikasoma. Nikamsikia akigeuka, "Nane, anasema nane," na nyuma yake kikohozi, kisha sauti ya Mwalimu, "Vizuri." Nililamba sukari vidoleni nikijiona mtu wa maana. Ikawa hivyo kila jioni.

Siku ya kumi na nne Kiranja hakuamka. Taa ziliwaka, mengine yakajikunjua, naye akabaki amefumba kama ngumi. Nilitoka shuleni mbio, nikamkuta vile vile. Nikachukua mrija, nikadondosha. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Njano.

Tano haikuwemo hata kwenye jedwali.

Ningepiga simu. Lakini nikipiga ningesema nini? Jana nane, leo tano? Bahari imeibiwa? Nikafungua kopo la magadi, nikakuta kijiko kimoja kimebaki. Hapo ndipo akili yangu, ile ambayo Mwalimu aliisifu, ikafanya kazi yake. Nyuma ya jiko letu palikuwa na chungu cha maji ya majivu. Haboba alichoma maganda ya ndizi na mabua, akayachuja majivu kwenye kopo lililotobolewa chini, na kitone cha maji yale kililainisha kunde za mwaka juzi. Magadi ya dukani yalipokwisha, alitia hayo, na kunde hazikulalamika. Alikuwa akisema, "Maji ya majivu yanalainisha hata mkwe." Basi nikawaza, yakilainisha mkwe, Kiranja ni nani?

Nikamimina kikombe kizima.

Mwanzo hapakutokea kitu. Kisha maji yakaanza kunyesha ndani yake yenyewe, vumbi jeupe, kama unga wa posho unapopepetwa. Chokaa yote ilikuwa inajitenga na maji na kuanguka. Ndani ya muda mfupi tangi likawa rangi ya maji ya kuoshea mchele, na sikumwona tena Kiranja wala mwamba wenyewe.

Haboba alikuja kutafuta kikombe chake. Akakiona mkononi mwangu, akakinusa, akatazama tangi. Nilijikunja kungoja kofi.

"Umeipikia bahari kunde," akasema.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alitoa simu kwenye fundo la gurbaba, nguo yake ya kujifunga, akapiga, akanipa. "Sema mwenyewe. Mkono ndio uliomimina, mdomo ndio utakaofuta."

Nikasema yote, mpaka nane za kamba. "Kiranja yuko hai?" afande akauliza.

"Simwoni, afande."

Nilisikia simu ikihama mkono. Ikawa sauti ya Mwalimu, nyembamba kama amekaa chumba cha pili. "Nimesahihisha madaftari miaka mingi, wewe mtoto. Nane kumi na tatu mfululizo? Hata mapigo yangu ya moyo hayalingani hivyo."

"Ulijua, Mwalimu?"

"Tangu ya sita."

"Mbona hukusema?"

Alikohoa kwanza. "Niliipenda hiyo nane. Hapa kila mtu ananisomea nane. Daktari nane, dada zangu nane, afande ndiyo usiseme." Nilimsikia afande akijaribu kuingilia, naye akamnyamazisha kwa ule mluzi wa meno aliotunyamazishia sisi. "Lakini leo umenisomea tano, na mimi nimechoka kudanganywa vizuri. Kuanzia kesho nataka unachokiona. Sasa mpe afande, akupe amri."

Afande akatoa amri kama vita imefika mlangoni. Zima taa. Pampu iache ifanye kazi. Chota robo ya maji, mwaga, rudisha maji yaliyokorogwa kwenye pipa la bluu, polepole, kikombe kwa kikombe. Kesho tena. Kesho kutwa tena. Haboba alikunja gurbaba akabeba ndoo, akimuuliza Mungu kwa nini ziwa lote lile halikutosha. Siku ya tatu maji yakatakata. Matumbawe madogo yalikuwa yamebaki mifupa myeupe. Kiranja alikuwa ameungua upande mmoja, ngozi imemtoka.

Nikasoma simuni, "Tano, Mwalimu. Upande wa kulia amekufa." Kesho yake, "Tano. Hajafunguka." Ilikuwa inauma kusoma hivyo kuliko viboko. Naye akaanza kunijibu na za kwake. "Mimi leo nimetembea mpaka dirishani. Jana sikuweza." Siku nyingine alisema tu, "Leo mimi pia tano." Tulisomeana hivyo, mtoto wa Kimaka na mwalimu wake, wiki nzima na zaidi, mpaka asubuhi niliyopita kuwasha taa kabla ya shule nikaona kidole kimoja cha kijani kinachungulia upande wa kushoto. Sikungoja jioni. Haboba alipiga simu akiwa bado anaswali midomoni.

Mwalimu alirudi nyumbani, amekonda hata gauni lilimzunguka. Afande akamwekea kiti mbele ya tangi. Alimtazama Kiranja nusu mzima nusu mfupa, akasema, "Tumefanana." Kisha akaomba daftari na kalamu nyekundu. Nane zile kumi za uongo alizikata kwa mstari mmoja mrefu. Kwenye tano ya kwanza akaweka alama ya vema.

Alikunywa chai pale muhula mmoja na nusu. Kisha akarudishwa milimani kwao, na safari hiyo nilikwenda pia, kwenye basi la waombolezaji.

Nyumba ya Kimaka ina afisa mwingine sasa. Mahali pa tangi pana televisheni, na nasikia inaonyesha mpira tu. Kiranja alichukuliwa na mfuga samaki wa Kampala. Sijui kama bado ni kiranja huko. Haboba magoti yamekataa, kunde anazipika kwa gesi na magadi ya dukani, na husema hazina ladha. Daftari ninalo mimi, chini ya godoro la bweni, pamoja na vitu vingine ambavyo si ruhusa kuvitaja.

Afande alistaafu, anaishi huku huku Mbale, karibu na kaburi. Siku za wazazi kutembelea shule huja na koti lake lililopigwa pasi, anakaa kwenye benchi, haniulizi habari wala afya. "Soma," anasema. Jumapili hii nikamsomea. Hisabati hamsini na moja. Historia sabini. Kemia thelathini na nane, kwa sababu jibu langu pekee lilipishana na la meza nzima, na mwalimu hakuniamini.

Afande alitazama mlima kidogo.

"Ndicho ulichokiona?"

"Ndiyo, afande."

Akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akaomba karatasi yangu.