Kumpeleka Mama Mtinko kwa Shokapu Mpya

Safari hii ilianza kwa sababu Mama Mkubwa, dada yake mama yangu, alipofuka macho. Anaishi Mtinko na mkwe wake na wajukuu, na kila tukimpigia simu alikuwa na swali moja tu: mdogo wake anakuja lini? Mdogo wake, yaani mama yangu, ni mjane anayeishi peke yake kijijini, ndani kidogo ya Iguguno. Njia ya kukatiza kutoka kwake hadi Mtinko haina basi. Ni vumbi, mawe na makorongo, na mama alishaapa kutopanda pikipiki tena. Mara ya mwisho bodaboda ilipompeleka kliniki, mgongo ulimlaza kitandani karibu mwezi.

Mimi nafanya biashara ya kuku. Nazunguka vijijini kwa pikipiki yangu, nanunua, nafunga matenga, nauza mjini. Nikamwambia mama nitampeleka mwenyewe. Akajibu, "Hiyo ya kuku? Mwanangu Neema, mimi nina mgongo, sina manyoya."

Alikuwa na haki. Kuku hawajawahi kunilalamikia, lakini mimi mwenyewe nikishuka kwenye kiti kile natembea kama bata. Shokapu zake za nyuma zilikuwa zimevuja mafuta zikaisha, na msimu wa alizeti uliopita nilizichomekea vipande vya tairi kuukuu kwenye springi, kama tufanyavyo wengi Singida ili magunia yasikalishe pikipiki chini. Nyuma palikuwa pagumu kama kinu.

Singida Mjini, kwa fundi Mrisho. Huyu ni fundi wangu wa siku nyingi, mwembamba, mwenye tabia ya kukaa juu ya kila pikipiki anayoletewa na kuitikisa akiwa amefumba macho. Tulikwenda pamoja dukani kuchagua. Mimi macho yaliangukia jozi nyekundu, springi nene, chupa ya gesi inang'aa juu yake.

"Hizi hapa," nikasema. "Nene kabisa, mama asitikisike."

"Dada, unambeba mama au unabeba alizeti?"

"Mama."

"Springi nene inasubiri mzigo. Isipoupata haibonyei, inakaa tu kama nondo. Kila shimo litapanda moja kwa moja mpaka kwenye uti wa mgongo wa mama."

Nikabisha, maana mimi kubisha nimezaliwa nako. Mrisho akasimamisha moja ya zile nyekundu sakafuni, akailalia kwa uzito wake wote, akaiachia. Ikaruka kama chura. Akachukua nyeusi ya kawaida, springi nyembamba zaidi, akaifanyia vilevile. Ile ikarudi polepole, kama mtu anayeamka bila haraka.

"Unaona? Hii mafuta yake yanaizuia kurudi kwa fujo. Ile ingemrusha mama kila tuta."

Akapima urefu wa ile nyeusi na wa zile zangu za zamani, tundu la juu hadi tundu la chini, kwa sababu ndefu kupita kiasi ingeinua nyuma na mama angenimwagikia mgongoni njia nzima. Zikalingana. Nikanunua nyeusi.

Kazi ya kuzifunga ilikuwa ndogo. Kuzirekebisha ndiko kulikotuchelewesha. Chini ya springi kuna kikombe chenye ngazi. Ukikizungusha kwa spana ya ndoano kinapanda na kuikaza springi, ukikirudisha kinailegeza. Mrisho alining'iniza uzi kutoka kwenye keria, ukapita kando ya nati ya gurudumu, akaufunga fundo juu kidogo ya nati.

"Mkikaa wawili, nyuma itashuka na fundo litashuka nayo. Linatakiwa lifike kwenye nati. Lisipofika, ni ngumu, legeza. Likipita, ni laini mno, kaza. Na pande zote mbili ziwe ngazi sawa, la sivyo itaenda upande kama mlevi. Mama ana uzito gani?"

Duka la jirani walikuwa wakipanga magunia ya alizeti. Mama yangu ni mwanamke wa haja. Alikuwa akisimama mlangoni mwa jiko hatuoni nje, na kwaya kanisani walimweka nyuma kwa sababu mbele alikuwa akiwaziba. Nikanyoosha kidole: "Kama gunia hilo." Tukaliazima, tukalifunga kwenye kiti, mimi nikakaa mbele. Mrisho akakaza ngazi mpaka fundo likagusa nati sawasawa. Aliniazima na ile spana, nikamwona anajisumbua bure.

Asubuhi, barabara ya Iguguno. Upepo wa kwetu hauna adabu, ulinisukuma tangu nilipoyaacha maji ya ziwa Singidani. Lami ilikuwa safi, mawe makubwa yamepangana pande zote, na baada yake mashamba ya alizeti zilizokwisha kukomaa, vichwa vimeinama. Nilikuwa na furaha. Nilijiona mtoto mwema mwenye shokapu mpya.

Nyumbani kwa mama. Nilimkuta uani, amejifunga vitenge juu ya vitenge kwa ajili ya upepo, kama ninavyomkuta siku zote nikipita kununua kuku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja nayo kweli?"

Niliingiza unga na mafuta niliyomletea. Jikoni nikakuta unga wa safari iliyopita karibu wote upo.

"Mama, hupiki?"

"Napika uji. Ugali wa mtu mmoja umenishinda. Nikisonga kidogo unaungua, nikisonga wa kutosha nakula kiporo siku tatu. Nitamsongea nani?"

Alisema hivyo bila huzuni, akitafuta viatu. Nikamwambia asikae upande, kwa sababu kukaa upande kunaupinda mgongo. Akaingia chumbani akatoka na suruali ya marehemu baba, ameivaa chini ya kitenge. Kiuno chake amekikunja mara mbili na kukifunga kwa kamba ya katani. Tulicheka mpaka majirani wakachungulia. Nilicheka bila kufikiri ile kamba ilikuwa ya nini.

Kisha akapanda, mimi nikiwa nimeketi mbele. Nikainama kutazama uzi.

Fundo halikusogea. Nilidhani uzi umenasa, nikauchezesha. Haukunasa. Shokapu zilikuwa zimesimama vilevile kama mimi niko peke yangu, kama aliyekaa nyuma ni kuku wawili. Hapo ndipo nilipoelewa. Gunia lile lilikuwa mama wa zamani. Chini ya vitenge vyote vile mama yangu alikuwa amekwisha, nami nilikuwa nikimwona kila mara bila kumwona. Machozi yalinitoka nikiwa nimeinamia gurudumu.

"Imeharibika?" akauliza.

"Hapana mama. Shuka kidogo, naizoesha."

Nikachukua ile spana niliyoidharau, nikarudisha ngazi, upande huu na upande ule, mpaka ya mwisho kabisa. Nikapunguza na upepo kidogo kwenye tairi. Akapanda tena. Safari hii fundo lilishuka, halikufika kwenye nati, lakini lilikaribia. Tukajaribu mpaka kanisani na kurudi. Mama akanigonga begani: "Kumbe inapumua!"

Njia ya Mtinko. Tulikwenda taratibu, kuku jike wa zawadi akiwa kwenye kikapu mbele yangu. Palipo na korongo nilisimama kwanza, nikamwambia ashike, ndipo nikashuka. Palipo na mchanga nilimshusha, akavuka kwa miguu akinicheka ninavyohangaika. Mikono yake ilinizunguka kiunoni, myepesi, na katikati ya mashamba akaanza kuongea sikioni mwangu.

"Nilikuwa nakubeba mgongoni hivi hivi nikienda shamba. Ulikuwa mzito wewe! Kila nikiruka shimo naogopa usije ukaamka."

Niliyatazama mashimo yaliyokuwa mbele yangu, moja moja.

Mtinko, mchana. Mama alishuka mwenyewe na kusimama wima. Nilimwangalia mgongo kwa hofu. Akajinyoosha, akaangaza uani, akamfuata dada yake aliyekuwa ameketi kwenye mkeka barazani.

"Shikamoo dada."

Mama Mkubwa alinyoosha mikono, akaishika ya mama, akapapasa juu hadi mabegani. Akaacha kupapasa.

"Mmeniletea nani? Mdogo wangu ana mikono minene."

"Ni mimi, dada."

"Basi nusu yako umeiacha wapi?"

Wakakumbatiana hapo mkekani, wakaongea Kinyiramba chao cha utotoni, haraka haraka, mimi nikipata neno moja kati ya matatu. Kisha Mama Mkubwa akampigia kelele mkwe wake: sufuria kubwa, unga wa uwele, mlenda. Wakala sahani moja. Mama Mkubwa alikuwa haoni, lakini kila mkono wa mama ukikawia kurudi kwenye sahani alijua, akausukuma. Nilipotaja habari ya kurudi, akasema, "Rudi wewe na pikipiki yako. Huyu bado hajamaliza kula."

Nilirudi peke yangu, na shokapu sikuzikaza. Wiki zote zilizofuata kuku wangu walisafiri kama wakwe, na Mrisho aliniuliza kama siku hizi nawauza au nawaposa. Nilichojifunza katika safari ile ni kidogo: unga ninaompelekea mama haushibishi kama hana wa kumsongea, na mtu hupimwa kwa alivyo leo.

Baada ya mavuno nilikwenda tena Mtinko. Mashambani palibaki mabua. Mama alitaka nimpeleke kwake akakusanye kuku wake na kufunga nyumba, kisha nimrudishe kwa dada yake. Alitoka na suruali ya baba. Kamba ya katani sikuiona.

Akapanda. Nikainama kutazama uzi. Fundo lilikuwa limeipita nati.

"Kuna nini tena?" akauliza. "Imeharibika?"

"Imeshuka, mama."

"Ni hivi vyakula vya dada. Nimekuwa mzigo."

"Shuka kidogo, naizoesha."

Nikapiga magoti vumbini, nikakaza ngazi moja kila upande. Spana ilikuwa nzito mkononi, na katika kazi zote nilizowahi kuifanyia pikipiki ile, sijapata kufanya iliyonipendeza kama hiyo.