Suti ya Mganga Mkuu

Mtaa mzima ulimwita Mama Tepu, maana tepu ya kupimia haikumtoka shingoni hata akienda dukani kununua chumvi. Alikuwa ameshona suti za wanaume miaka ishirini, na mwili wa mteja aliusoma kabla mwenyewe hajafika kwenye kioo: bega gani limeshuka, goti gani linauma, nani amenenepa na anabana tumbo ili asijulikane.

Ndiyo maana hakuweza kusamehe. Mdogo wake alipoanza kudhoofika, alimpeleka hospitali yeye mwenyewe. Binti wa watu aliingia kwa daktari akishika ukuta. Gauni aliloshonewa mwezi uliotangulia lilimpwaya mabegani, na kuvua viatu tu kulimfanya aheme kama aliyepanda ghorofa. Daktari hakuona hata kimoja. Macho yalikuwa kwenye faili. Aliuliza maswali matatu, akaandika, akasema, "Uchovu tu huo. Akapumzike."

"Daktari, hebu mtazame anavyotembea," Mama Tepu aliomba.

"Mama, kila mtu na kazi yake. Anayefuata!"

Wiki ya tano walimzika.

Miaka mitatu ilipita, na asubuhi moja yuleyule daktari akaingia katika duka la ushonaji la Mama Tepu. Hakumkumbuka. Alitaka suti nyeusi. Mwezi ujao angekabidhiwa ofisi ya mganga mkuu. Mama Tepu alimtambua papo hapo, lakini sauti haikutetereka.

"Vua koti, daktari."

Alilivua kwa mkono wa kulia peke yake, ule wa kushoto akiuchomoa kama mzigo wa mtu mwingine. Vifungo vya shati vilikuwa vimepishana. Mkanda ulikuwa na tundu jipya, limetobolewa kwa msumari. Alipogeukia kioo, ncha ya kiatu cha kushoto ilikwaruza sakafu.

"Umepungua kidogo?"

"Kazi nyingi, mama. Uchovu tu."

Mama Tepu alifungua mdomo aseme. Kisha akabana pini kati ya meno, akaandika vipimo. Kwa kawaida mteja anayepungua alikuwa akimwambia arudi kujaribu kabla nguo haijaisha. Huyu hakumwambia. Alimshonea suti ya kumkaa barabara siku ile, akijua fika kwamba siku ya kuivaa itamning'inia mbele za watu.

Mumewe alipopata habari, aliweka kijiko chini. "Mtu anaumwa, nawe unamtegea nguo?"

"Sijamtegea. Nimempima."

Wiki nne baadaye daktari alikuja kuichukua. Suruali ilishuka hadi nyonga. Akawaka.

"Umekosea vipimo! Keshokutwa nasimama mbele ya watu!"

Mama Tepu alimwekea daftari mbele yake, akamzungushia tepu kiunoni. "Sijakosea. Umepungua inchi tatu. Mkono wa kushoto umelegea, mguu unauburuta. Niliyaona siku ya kwanza."

"Ukanyamaza?"

"Mdogo wangu aliingia kwako ameshika ukuta, hukuinua macho. Nilikuomba umtazame, ukaniambia kila mtu na kazi yake. Yangu ni kushona."

Daktari alikaa taratibu. Akapeleka mkono wa kushoto kwenye kifungo cha koti ajaribu kukifunga. Vidole vilikataa. Akajaribu tena, jasho likimtoka, na mara ya tatu. Mama Tepu alisimama akimtazama mpaka mwisho, asinyooshe hata kidole kumsaidia.

Hospitali daktari alikutwa na uvimbe kichwani, akapasuliwa. Alirudi nyumbani akitembelea fimbo, na ofisi akapewa mwingine. Muuguzi mmoja, jirani yao, alileta habari kwamba, angewahishwa mwezi mmoja tu, huenda mkono ungepona. Mume wa Mama Tepu aliposikia hilo alikula peke yake siku nne.

Mama Tepu hakujuta, wala hakujifanya anajuta. Kilichomuudhi ni kwamba furaha yenyewe haikumaliza hata wiki, na asubuhi ya siku ya nane aliamka akiwa na hamu ya kumpigia mdogo wake simu amsimulie.