Mimi, Mkwe Wangu na Samaki Mwenye Udevu Mmoja

Nawajua wanawake wa Nansio. Mkiona ile picha nimekaa juu ya ziwa lililoganda, nimevaa suruali mbili na koti la mwanamume, mtasema Mwalimu Bernadeta amezeeka vibaya. Ngojeni kwanza niwaeleze nilifikaje pale, maana sikwenda kwa ajili ya samaki.

Nilikwenda kwa ajili ya mkwe. Miezi mitatu nilikaa Toronto nikimlea mjukuu wangu Tito, na muda wote huo sikuwahi kumwona baba yake usoni. Deo ni mtu wa Tarime, kalelewa na babu yake, na heshima ya ukwe kaibeba kutoka huko mpaka ghorofa ya kumi na nne kule Rexdale. Kwetu pia, mnajua, mkwe na mama mkwe hawaketi pamoja wala hawashikani mikono, na akimgusa hata kwa bahati mbaya humlipa nguo. Lakini sisi tuna nyua pana. Pale ni vyumba viwili, sebule imeungana na jiko, na choo ni kimoja. Nikikohoa jikoni, mwenzangu anarudi chumbani. Alikula chumbani. Alinisalimu kupitia ukutani, "Shikamoo mama!" nami nauitikia ukuta, "Marahaba baba!" Siku moja lifti ilifunguka nikamkuta ndani, uso nyuma ya mifuko ya unga. Akatoka mbio akapanda ngazi mpaka juu.

Aliyechoka kabisa ni binti yangu Neema, aliyegeuzwa tarishi ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Mama, Deo anauliza kama umekula." Namwambia nimekula. Anapiga hatua tatu, anarudi. "Anasema asante."

Mtanicheka, lakini jambo lile liliniuma. Mama yangu mzazi alifariki bila kuongea na marehemu mume wangu hata siku moja. Akiwa kitandani aliniuliza, "Huyo mumeo, hucheka?" Nikamwambia hucheka sana, ila sikuwa na namna ya kumsikilizisha. Sasa nilikuwa nimebakiwa na wiki moja nirudi nyumbani, na sikutaka swali lile lile linifuate mpaka kaburini. Nilitaka kumsikia Deo akicheka.

Ndipo nikasikia kwamba Jumamosi huwa anakwenda kaskazini na rafiki yake wa kanisani, Mzee Menezes, kuvua samaki chini ya barafu. Nikamwambia Neema kwa sauti ya darasani, ile inayopenya ukuta: "Mimi ni mtoto wa mvuvi! Nirudi Ukerewe bila kulitia mguu ziwa la watu?" Kesho yake Neema akaleta jibu kwamba tutakwenda sote. Ijumaa jioni Deo hakuonekana. Neema alisema kaenda Thorncliffe Park, upande wa pili wa mji, kuniazimia viatu vya theluji.

Jumamosi asubuhi, kama tulivyopanga mimi na yeye, Neema aliugua ghafla. Mwanangu ana sifa nyingi lakini kuigiza si mojawapo. Alishika tumbo, kisha kiuno, kisha akakumbuka kwamba tulikubaliana tumbo. "Mama, please, nendeni tu, nyie msijali." Tito mgongoni anacheka. Deo alikuwa amesimama mlangoni akiitazama rafu ya viatu kana kwamba imeandikwa Injili, akasema, "Haya."

Aliniketisha kiti cha nyuma. Kisha, kabla ya kuwasha gari, akainua mkono akakigeuza kile kioo cha katikati kikatazama dari. Nilijifunika mtandio mdomoni nisiangue kicheko.

Tulifuata barabara ya Kipling, tukayapita maghala anakofanya kazi, tukaingia barabara kuu ya kuelekea kaskazini. Nje kulikuwa kweupe mpaka macho yanauma. Nikajaribu mazungumzo.

"Baba Tito, ng'ombe wa huku wanalala wapi?"

"Ndani, mama."

"Na wanakula nini?"

"Majani makavu, mama."

Hapo ng'ombe wakaisha. Nikajifanya nimelala, nikakoroma kwa nguvu nione atafanya nini. Akapunguza redio, akaongeza joto la nyuma. Mtu mwema, nikasema moyoni, lakini hata shetani anaweza kupunguza redio.

Karibu na saa sita mchana tulifika Ziwa Simcoe. Msitegemee niwaelezee mawimbi. Ni uwanja, mweupe, mkubwa, na watu wanatembea juu yake na magari madogo na mbwa. Mzee Menezes alitupokea ufukweni kakokota kiteleza cha plastiki chenye mizigo. Ni Mgoa, mzaliwa wa Kisumu, karani mstaafu, ana kofia ya manyoya iliyomfunika mpaka nyusi.

"Karibu, mama! Karibu barafu! Ukerewe mimi najua, baba yangu alikuwa na duka Mwanza kabla mimi kuzaliwa."

"Asante baba. Hili ziwa linabeba mtu mnene?"

"Inabeba lori, mama. Twende."

Nikaenda. Katikati ya njia barafu ikanguruma chini ya miguu, ngurumo ndefu iliyotoka mbali ikatupita ikaenda zake. Nilisimama kama mti. Nikaanza Salamu Maria.

"Usiogope," akasema Mzee Menezes. "Ikilia iko sawa. Ikinyamaza kabisa, hapo mimi nawaza."

Nikautazama mgongo wa mkwe wangu aliyetangulia na keekee ya kutobolea barafu begani. Nami nikawaza.

Hema lilikuwa dogo, jekundu, lenye benchi moja la watu wawili, jiko la gesi, na tundu moja la mviringo mbele ya benchi. Watu wawili wakikaa mle, magoti lazima yagusane. Nilifurahi kama mtoto. Deo alichungulia, akaliona benchi, akaniona mimi kwenye benchi, akatoka. Nikasikia keekee inanguruma. Alitoboa tundu lake nje, akaketi juu ya ndoo, akalipa hema mgongo.

Mzee Menezes alinielekeza uvuvi wenyewe. Fimbo yake ni fupi kama mwiko. Unatia chambo cha samaki mdogo, unashusha mpaka risasi ya kuzamishia iguse chini, unaiinua kidogo, unaigonga tena kwenye mchanga, polepole, kama mtu anayebisha hodi. Samaki tuliyemtaka huitwa baboti. Hukaa chini kabisa, na huanza kula jua likielekea kuzama. Akishaeleza hayo, mzee alipanda pikipiki yake ya theluji akaenda kuwasalimu jamaa zake wa hema la mbali. Tukabaki wawili, na kitambaa katikati. Kumbe nilikuwa nimesafiri njia yote ile kuja kuongea na ukuta mwingine!

"Baba Tito, huko nje hakuna baridi?"

"Hakuna, mama."

Mwongo mkubwa. Meno yake niliyasikia. Nilimmiminia chai ya tangawizi, nikaweka kikombe mlangoni mwa hema, nikarudi nyuma. Mkono ukaja, ukachukua kikombe. Baadaye ukakirudisha kitupu. Tulifanya hivyo mara nyingi mpaka chupa ikaisha.

Alasiri ilipoanza kuchoka nilichungulia kwa upenyo. Upepo ulikuwa unapeperusha theluji kama unga kinuni, na mtu yule bado kainama pale pale, mgongo umekuwa mweupe. Hapo niliona haya, tena haya ya kweli. Nilikuja kumtafutia kicheko na sasa nilikuwa namgandisha baba wa mjukuu wangu. Nikaamua nitamwita, nimwambie tukusanye vitu turudi nyumbani, na habari ya kicheko nimwachie Mungu.

Nikiwa nimefungua mdomo, fimbo ikainama.

Nilivuta. Hakupigana sana, alikuwa mzito tu, kama gunia lililolowa. Kikatokea kichwa bapa, kinywa kipana, mwili wa madoa unaoteleza, na chini ya kidevu udevu mmoja, mmoja tu, katikati. Wanawake wa Nansio, ni kamongo aliyepewa kambare wamlee. Nilimshika nyuma ya kichwa kama baba yangu alivyonifundisha, nikamtoa. Naye, badala ya kurukaruka kama samaki mwenye adabu, akauzungusha mkia kwenye mkono wangu, mara mbili, akakaza.

Mimi kamongo nimewashika tangu sijaota meno ya ukubwani. Nilimtazama yule samaki. Nikautazama mlango wa hema. Kisha nikapiga kelele.

"Yesu na Maria! Baba Tito, nakufa!"

Nusu ya kelele ile ilikuwa ya kweli, maana alikuwa wa baridi mno.

Deo aliingia bila kufungua zipu yote, kichwa kwanza, akateleza, mguu mmoja ukazama tunduni mpaka gotini. Hakujali. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaukunjua ule mkia, akamtupa samaki pembeni. Mikono yake ilikuwa bado imeshika wangu.

Nikamwona usoni. Ana mwanya. Nyusi zimeganda. Anafanana na Tito akiwa amekojoa.

"Nisamehe mama. Nimekugusa."

"Umenigusa, na goti lako liko ziwani. Kaa kwenye moto."

Akakaa. Hapakuwa na pengine isipokuwa benchi. Nilimvua kiatu kilicholowa, nikamfunga mguu kwa mtandio wangu, naye akatazama juu kama mtu anayechomwa sindano. Baadaye akamtazama samaki, akanitazama mimi.

"Mama, Ukerewe kamongo wapo?"

"Wapo wengi."

"Mnawashikaje?"

"Nyuma ya kichwa. Hivi."

"Kama ulivyokuwa umemshika huyu?"

Nikajifanya natafuta kifuniko cha chupa ya chai. Miaka thelathini na tano ya kufundisha, na leo nimekamatwa mimi. Akaanza kucheka. Kicheko chake ni chembamba, kinaanzia puani, kinapanda, kinakatika, kinaanza tena, kicheko cha mtu mdogo kuliko yeye. Nami nikacheka mpaka machozi, na machozi yale hayakuwa ya kicheko peke yake. Mzee Menezes ndivyo alivyotukuta, akadhani tumekunywa. Kabla hatujafunga hema alinipiga ile picha.

Njia ya kurudi niliketi kiti cha mbele. Deo alikirudisha kioo mahali pake, na mpaka tunaona taa za Rexdale alikuwa amenieleza ng'ombe wa huku kwa kirefu, pamoja na babu yake, kazi ya ghalani, na siku Tito alipozaliwa, jinsi alivyolia kumzidi mtoto.

Neema alikuwa amepona, kama ilivyotarajiwa. Tulimkaanga yule samaki. Nyama yake ni nyeupe na tamu, na ini lake ni kubwa, laini. Deo mwenyewe aliliweka sahanini mwangu, mezani, akaketi akala nasi. Neema alikuwa anazungusha kijiko chaini bila kunywa, anatutazama kwa zamu, hana ujumbe wa kumpelekea yeyote.

Tulipomaliza, Deo aliingia chumbani akatoka na kifurushi, akanipa kwa mikono miwili. "Faini yangu, mama." Ndani mlikuwa na doti ya khanga, mpya.

"Umeinunua wapi saa hizi?"

"Thorncliffe Park. Ijumaa."

"Ijumaa? Kabla hujanigusa?"

Akainamisha kichwa, lakini mwanya ulionekana. "Mama, uliposema unataka kukaa juu ya barafu kwa ajili ya samaki, nilijua si samaki unayemtaka. Ila mimi ni mkwe, siwezi kuanza. Ilibidi uanze wewe."

"Sasa kwa nini ulikaa nje kwenye baridi siku nzima, mtoto wewe?"

"Nilikuwa nasubiri mama upige kelele," akasema. "Ulichelewa."

Basi nimejifunza, nikiwa na umri huu, kwamba ukuta una pande mbili, na wa upande wa pili naye huwa anasikiliza. Na mama yangu nimempelekea jibu lake kwa sala: mkwe wako sikuweza kukusikilizisha, ila mume wa Neema nimemsikia, anacheka vizuri.

Hiyo khanga nitaivaa nikishuka kwenye kivuko. Imeandikwa MJANJA KAPATA MWENZIWE. Mkiniona nayo, nawaomba msinisomee kwa sauti.