Rispah na Kiti cha Nyuma

Rispah Cherono alikuwa ameendesha lori la jeshi kwa miaka mitatu nchini Somalia, ndiyo maana kukaa nyuma ya Hillary kulimchosha kuliko kufua mazulia. Hillary, dereva wa nyumba kutoka Bungoma, alishika usukani kwa kidole kimoja na simu kwa mkono wa pili.

"Hillary, angalia barabara."

"Rispah, wewe ni wa jikoni."

Rispah aliacha jeshi mwaka 2014, mikono ikimtetemeka, na kwao Kericho hakuna aliyejua amsaidie vipi. Wakala wa Nairobi alipoonyeshwa leseni yake ya magari makubwa alicheka sana. Saudia mwanamke haendeshi hata gari dogo, alisema, akamwandika kazi za nyumbani. Mwaka 2016 akajikuta mtaa wa Al-Rawdah, Jeddah, akipiga pasi kanzu na kuwasindikiza shuleni watoto wawili wa madam Hanouf.

Asubuhi moja mwanzoni mwa 2018, wakienda shule, aliona boksi kando ya barabara. Kabla hajafikiri alikuwa amejirusha mbele na kuuvuta usukani. Gari likapanda ukingo, tairi likapasuka, watoto wakaanza kulia. Hillary akashuka, akaliendea lile boksi na kulipiga teke. Maganda ya ndizi yakamwagika.

"Ndizi!" alifoka. "Unataka kutuua kwa sababu ya ndizi?"

Madam aliposimuliwa hakutaka maelezo. "Halas, imekwisha. Kesho unarudi kwa ofisi iliyokuleta."

Fridah, aliyefanya kazi nyumba ya pili, alimshauri kupitia ukuta wa uani afunge na kuomba.

"Nimeomba miaka minne, Fridah! Mungu amenisikia. Ni maboksi ndiyo hayasikii."

Alasiri ile alimfuata madam sebuleni, akamweleza kwa Kiarabu chake cha kuokoteza. "Lori la mbele yangu lilikuwa la Absalom, rafiki yangu. Niliona mfuko wa plastiki njiani. Nikadhani ni takataka, nikanyamaza. Absalom akaukanyaga, ukalipuka. Tangu siku hiyo siwezi kunyamaza, madam. Nikiona kitu barabarani, mwili unaruka wenyewe."

Madam akauliza, "Wewe uliendesha lori?"

Rispah nusura alie kwa hasira. Ametoa yote ya moyoni, na huyu amesikia lori tu! Lakini kesho yake hakuna aliyemrudisha popote.

Sababu aliijua Juni 2018, amri iliyotangazwa mwaka uliotangulia ilipoanza kuwaruhusu wanawake kuendesha. Kaka yake madam alikuwa amejaribu kumfundisha, na mara mbili kaka huyo alishuka garini akipiga kelele. Siku moja madam akampeleka Rispah kwenye kiwanja chao kilichozungushiwa ukuta, akaketi kwenye usukani.

"Nifundishe."

"Kioo kwanza, madam."

"Nimeangalia."

"Umeangalia wanja wako. Angalia nyuma."

Walirudia zoezi hilo wiki tano. Madam alikanyaga mafuta badala ya breki, akagonga ukuta, akamlaumu Rispah, akalaumu viatu, akalaumu ukuta. Rispah alifoka kama sajini. Siku ya tatu ndipo alipogundua kwamba kwa saa nzima mikono yake ilikuwa imetulia.

Maboksi hayakuacha kumshtua. Alichofanya ni kumlazimisha Hillary wapatane: yeye akisema, "Boksi, kulia," Hillary ajibu, "Nimeliona." Hillary alijibu huku amekunja uso, lakini alijibu, na usukani haukuguswa tena.

Mkataba ulipoisha mwaka 2019 alirudi Kericho, akapata kazi katika shule ya udereva. Wanafunzi wake hulalamika kwamba ana ukali wa kambini. Kila Alhamisi huenda kliniki kuzungumza na muuguzi Solomon kuhusu Absalom na ule mfuko. Foleni ya pale humuudhi, maswali ya Solomon humuudhi zaidi, na akitoka humwambia kila anayemsikiliza kwamba harudi tena. Hajakosa Alhamisi hata moja.