Mwalimu Adero na somo la sauti kali

Saa kumi jioni, Katwe. Nyuma ya karakana ya masanduku ya bati, Mwalimu Adero anaandika ubaoni, na kila akimaliza neno anachungulia mlangoni.

Leo anafundisha maneno ya Kiingereza ya sauti kali. "Shrill", sauti nyembamba inayochoma masikio. "Screech", mkwaruzo wa msumeno kwenye bati. Pembeni ameandika Kiswahili chake.

Adero, ambaye jina lake na ya wengine humu tumeyabadilisha, ni mwanamke Mkenya. Alikuwa karani katika kampuni moja mpaka ilipofungwa mwaka 1972. Wanafunzi wake ni wake za polisi na wafanyabiashara wadogo. Mwaka huu wa 1977 wamebaki nusu. Wengine wamekimbia, wengine hawajulikani walipo, na hapa hakuna anayethubutu kuuliza.

Ghafla breki zinalia nje. Darasa zima linainamia madaftari. Hata mimi, mwandishi wa makala haya, niliyeketi nyuma nikijifanya mwanafunzi, naanza kunakili ubao.

Anaingia mwanamume mwenye miwani myeusi, mtu wa usalama. Anasoma ubao taratibu.

"Wewe mwalimu, hii maneno mbaya iko ya sauti ya nani?"

Hapo ndipo penye hatari. Katika mji huu, kuna sauti moja, ya rais mwenyewe, ambayo huruhusiwi kuisema vibaya.

"Ni yangu, afande," Adero anajibu.

Anaamriwa aitoe. Anasoma neno la kwanza kwa sauti ya juu kabisa, mpaka inapasuka. Lamunu, mke wa polisi, anaokoa jahazi kwa utani: kila siku mwalimu anawaumiza masikio hivyohivyo. Mgeni anacheka kidogo, kisha anasema Ijumaa atarudi kusikiliza tena.

Gari likiondoka, Adero anakaa chini. Chaki imemvunjikia kiganjani.

Namuuliza kwa nini harudi kwao Kisumu. Anasema mumewe, Oketch, alichukuliwa mwezi wa tatu akitoka sokoni Kalerwe. Kila kituo cha polisi alichoulizia alifukuzwa.

"Naogopa, sikufichi. Lakini nikiondoka, akiachiliwa atanikuta wapi?"

Anatumaini Oketch atatoka kabla ya Krismasi, wavuke mpaka pamoja. Mpaka hapo, darasa litaendelea. Anafuta ubao mara mbili, anaukagua, anaufuta tena.

"Ijumaa nitafundisha majina ya matunda," anasema. "Ndizi haina sauti ya mtu."